Tulikosa timu ya tatu

Jumamosi ya pili ya Septemba timu yetu ya tatu ya kriketi ilishuka daraja. Zilibaki ova mbili, kila ova ikiwa mipira sita, tulihitaji mikimbio 11, yaani alama 11, na tulibakiwa na wiketi moja tu: mgongaji mmoja akitolewa, mechi imekwisha. Upande mmoja wa pichi, ule ukanda wa katikati ya uwanja, alisimama kijana wa miaka 14 aliyevaa helmeti iliyompwaya kidogo, na upande wa pili mzee wa miaka 66 ambaye alimfundisha hisabati babake kijana huyo. Walikimbia sita kati yao. Kisha mzee akainua mpira juu, ukakaa hewani muda mrefu, ukadakwa, naye akatoka. Tulipeana mikono na wapinzani, tukaokota vijiti ambavyo mgongaji huvilinda, tukasaidiana kuvuta maturubai juu ya pichi kwa sababu mvua ilikuwa inakuja.

Nilirudi nyumbani na huzuni ya kweli. Nina miaka 39, mzaliwa wa Mombasa, nafanya kazi ya usiku kwenye ghala, na timu ya tatu ya klabu ya kijiji kimoja cha Yorkshire, Uingereza, ndiyo timu yangu tangu 2016. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikienda nyumbani naambiwa maneno yale yale: huko wenzetu wana pesa, wana viwanja, ndiyo maana wanacheza kriketi nasi hatuchezi. Nimeyasikia kwa jamaa, kwa madereva wa tuktuk, hata kwa watu waliowahi kuucheza mchezo huu. Siyakubali. Pesa wanazo, lakini tofauti ninayoiona kila Jumamosi iko mahali pengine.

Wacha nianze na ya kwetu. Tarehe 29 Februari 1996 nilikuwa na miaka 10. Kule Pune, India, katika Kombe la Dunia la kriketi, Kenya ilipata mikimbio 166 tu, na watu wazima mtaani wakasema yamekwisha. West Indies, timu ya visiwa vya Karibi, pamoja na mgongaji wao mashuhuri Brian Lara, wakatolewa wote kwa mikimbio 93. Maurice Odumbe wetu alichukua wiketi tatu, yaani aliwatoa wagongaji watatu. Siku iliyofuata kichochoro chetu cha Mji wa Kale kilijaa watoto. Vijiti vilichorwa ukutani kwa makaa, gongo lilikuwa ubao wa sanduku, na mpira ulikuwa wa tenisi uliozungushwa utepe wa umeme ili upate uzito. Ukipiga dirisha la mtu umetoka, tena unakimbia kwelikweli.

Halafu likaja Kombe la Dunia la 2003. Tarehe 24 Februari, Nairobi, Collins Obuya wetu aliwaangusha wagongaji watano wa Sri Lanka huku akitoa mikimbio 24 tu. Tarehe 15 Machi, Durban, Aasif Karim, mtoto wa Mombasa kama mimi, aliwarushia Australia ova 8 na mipira miwili, akatoa mikimbio 7 tu na kuchukua wiketi tatu, ya nahodha wao Ricky Ponting ikiwa mojawapo. Hao ndio Australia waliotwaa kombe siku chache baadaye. Sisi tulifika nusu fainali, tukafungwa na India. Nusu fainali ya Kombe la Dunia! Niliitazama nikiwa nimesimama mlangoni pa mkahawa, kwani ndani hapakuwa na nafasi hata ya kuweka mguu.

Wiki chache baada ya hapo nilikwenda kwenye klabu moja, sitaitaja, kuuliza kama naweza kucheza. Nilikuwa na miaka 17. Nilipenda mchezo kuliko kitu chochote, ila kipaji changu kilikuwa cha kawaida, si kibaya wala si kikubwa. Waliniambia kuna majaribio kwa vijana wenye uwezo. Nikajaribu, sikuchaguliwa, nikaambiwa nijaribu tena mwakani au nijiunge kwa ada, na ada ile haikuwa ya mtoto wa mama muuza mahamri. Sikutukanwa wala sikufukuzwa. Hapakuwa tu na mahali pa kumweka kijana wa kiwango changu. Ama uko kwenye kumi na mmoja bora, ama uko nje ya ua unatazama kupitia waya.

Sikushika gongo tena kwa miaka 13.

Mwaka 2016, huku Yorkshire, mfanyakazi mwenzangu aliniuliza siku ya Alhamisi kama nina kazi Jumamosi. Timu yao ya tatu ilipungukiwa na mtu mmoja. Nilimwambia ukweli: sijacheza tangu ujana, na hata wakati huo sikuwa mzuri. Akajibu, "Una mikono miwili? Njoo." Nilipewa suruali nyeupe ya mtu mwingine, nikapangwa kugonga namba 10, karibu na mwisho, nikasimamishwa mbali karibu na mpaka ambako mpira hauji sana. Nilidaka mmoja. Jumamosi iliyofuata jina langu lilikuwa kwenye ratiba bila mtu kuniuliza.

Nataka msomaji wa nyumbani aelewe kitu hiki kinavyofanya kazi, kwa kuwa kwenye televisheni hakionekani. Kijiji chetu kina shule moja ya msingi na baa mbili. Klabu ina timu tatu za Jumamosi na timu za watoto za katikati ya wiki. Kila timu ya Jumamosi ina daraja lake katika ligi, na kila daraja lina kupanda na kushuka, mpaka chini kabisa walipo watu kama mimi. Msimu unaanza katikati ya Aprili, baridi ikiwa bado inauma vidole, na unaisha Septemba. Ratiba hutoka miezi kabla. Mwezi wa pili mimi tayari najua Jumamosi ya tatu ya Julai nitakuwa uwanja gani, dhidi ya nani, saa 7 mchana. Kila mchezaji hutoa kama pauni 10 siku ya mechi, na ada ya mwaka kando. Haikusanywi ili mtu atajirike. Inanunua mipira, inalipa waamuzi kwa timu za juu, inanunua mbegu za nyasi. Sisi wa timu ya tatu mara nyingi hatuna mwamuzi wa kulipwa, basi wagongaji wanaosubiri zamu ndio wanaovaa koti jeupe na kuwaamua wenzao. Nimewahi kumtoa nahodha wangu mwenyewe kwa mguu mbele ya vijiti, yaani mguu wake ulizuia mpira ambao ungegonga vijiti. Alinitazama, akaondoka, na jioni hatukulizungumza.

Ligi hizi ni za kale. Ile ya Birmingham iliundwa 1888, Lancashire League 1892, Bradford League 1903. Wageni nao si wapya ndani yake. Mwaka 1929 Learie Constantine kutoka Trinidad alikwenda kuchezea Nelson, mji mdogo wa viwanda vya nguo huko Lancashire, na akaishi hapo miaka mingi. Leo katika daraja letu la chini karibu kila timu ina Wapakistani, Wahindi, Waafghani, na bila wao, nasema haya kwa uhakika wa macho yangu, baadhi ya vijiji visingefikisha watu 11.

Lakini kinachonishika moyo ni timu ya tatu yenyewe. Hiyo ndiyo shule. Kijana wa miaka 13 anacheza na watu wazima kabla hajawa na nguvu za watu wazima, na kuna kikomo cha ova ambazo mtoto anayerusha kwa kasi anaruhusiwa, ili mgongo wake usiharibike. Mtu aliyechezea timu ya kwanza miaka ya 1980 anashuka taratibu, ya pili, kisha ya tatu, na kote huko hajaondoka klabuni. Akishindwa kukimbia anakuwa mwandishi wa alama. Akishindwa kukaa juani anakuwa mtu wa kupanga chai. Mzee anayetunza pichi yetu hajacheza mechi tangu kabla sijafika nchi hii, lakini mwisho wa msimu utamkuta amepiga magoti akichana nyasi kavu, akimwaga mbegu na kutandaza udongo wa mfinyanzi, peke yake, hata akiwa na kikohozi. Watu hawa wote waliingia kupitia timu dhaifu. Ukiifuta timu dhaifu, hao huwapati.

Sasa tazama Kenya baada ya 2003. Kulikuwa na mizozo ya uongozi na ya malipo, na 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Watu wanalaumu viongozi, nami siwatetei. Ila jengo lenye ghorofa ya juu bila msingi lingeanguka hata likiwa na kiongozi mwema. Wachezaji wale waliotupeleka Durban walitoka katika klabu chache mno, nyingi za Nairobi, na familia zile zile: ndugu wa kina Tikolo, ndugu wa kina Obuya. Walipozeeka, nyuma yao palikuwa na nani? Palikuwa na maelfu yetu tuliochora vijiti ukutani mwaka 1996 na ambao hakuna aliyetuandika kwenye daftari lolote.

Sisemi kwamba huku ni peponi. Kuna upweke katika mchezo huu wa huku ambao sikuutarajia. Tunacheza kwa muda wa saa sita, na watazamaji ni wake wawili, mbwa mmoja na mtu aliyepita njia. Mtu akigonga mpira wa mikimbio sita, unavuka mpaka bila kugusa chini, unapita ukuta wa mawe na kuingia kwa kondoo, na makofi yanayosikika ni ya watu tisa. Kwetu mtu akipiga shuti moja kali mtaani, baraza nzima inasimama, na kesho yake unaitwa kwa shuti hilo. Mechi ikiisha huku wenzangu huingia baa ya klabu. Baa hiyo ndiyo inayolipa bili za klabu, nalijua hilo, lakini kwa mtu asiyekunywa jioni ile ni ndefu. Misimu miwili ya kwanza nilikuwa naaga mapema. Ripoti kubwa kuhusu ubaguzi katika kriketi ya Uingereza iliyotoka 2023 ilisema wazi kwamba utamaduni wa pombe huwaweka kando watu kama mimi, na nilipoisoma nilihisi mtu ameniona.

Na bado kuna jambo hili. Ramadhani ya 2016 iliangukia Juni, mchana wa Yorkshire ukiwa mrefu kupita kiasi. Tulifunga zaidi ya saa 18, na magharibi iliingia karibu saa 4 usiku. Nilicheza Jumamosi zote nne. Wakati wa mapumziko wote walikaa mezani na sandwichi na keki, mimi nikakaa nje kwenye ngazi. Jumamosi ya kwanza mama mmoja wa miaka kama 70, mpika chai wetu, aliniuliza siku hiyo nitakula saa ngapi. Nikamwambia. Jioni, nilipokuwa nafunga mkoba, alinipa sahani iliyofunikwa kwa karatasi ya foili. Hakusema kitu zaidi ya kunikumbusha nirudishe sahani. Alifanya hivyo Jumamosi zote nne, na ya mwisho alikuwa ameulizia kwa muuza nyama wa Kipakistani wa mji wa jirani ili aweke kuku ninayeweza kumla.

Nalitaja hili kwa sababu watu wa nyumbani hudhani Mzungu hana ukarimu, na watu wa huku hudhani ukarimu ni tabia ya mtu. Mimi nauona kama mazao ya ratiba. Yule mama alinijua kwa kuwa tulikutana kila wiki, mahali pale pale. Angenijulia wapi kwingine?

Tena ajabu ni kwamba sisi tayari tunajua kufanya haya. Tazama soka. Mombasa kila mtaa una timu, na chini ya timu kuna timu nyingine, na chini yake watoto wa ufukweni wanaosubiri maji yatoke. Mashindano ya usiku wa Ramadhani huandaliwa na vijana wasio na ofisi wala mhuri. Mchezaji mbovu ana namba. Mzee aliyestaafu ni kocha, refa, na mtunza jezi. Hakuna aliyetufundisha hayo kutoka Ulaya. Kriketi pekee ndiyo tuliyoiacha ndani ya ua, tukaamini kwamba haiwezi kuchezwa bila nyasi za kijani na nguo nyeupe, ilhali Afrika Mashariki nzima imecheza miaka mingi kwenye pichi ya saruji iliyotandikwa mkeka, na mkeka haujali jua wala ukame. Hatuna hata majira ya baridi ya kutukatisha. Huku tunapoteza Jumamosi kadhaa kila mwaka kwa mvua, na miezi saba uwanja umelala.

Mpwa wangu ana miaka 19, yuko Kisauni. Mwezi uliopita aliniandikia kwamba yeye na wenzake wanataka kuanzisha kriketi ya mtaa, na akaniomba magongo 10, pedi na helmeti. Nitatuma, helmeti kwanza. Lakini nilimwambia kabla ya hapo anitumie ratiba: timu 8, nyumbani na ugenini, Jumamosi 14, kila mechi na saa yake na jina la atakayeandika alama. Na kila timu iwe na ya pili yake, ya wale wasiojua. Alinyamaza siku tatu, nikadhani nimemkatisha tamaa. Jana usiku, nikiwa kazini, simu ililia. Ilikuwa picha ya ukurasa wa daftari la shule, mistari imepigwa kwa rula, timu tano zimejazwa na nafasi tatu zikiwa wazi, na chini yake ameandika: "Mjomba, hawa wa pili tuwaweke asubuhi au jioni?"

Nimemjibu asubuhi, jua halijawa kali.