Bia ya Makoa

Kabla hamjasikia kwa watu wengine, naanza mwenyewe: ni kweli, nilionekana nimebeba bia. Makopo manne, mchana kweupe, siku ya Jumamosi. Mimi, mtoto wa Tanga, mjukuu wa mwalimu wa chuo, ambaye hata soda naipigia bismillahi. Sasa sikilizeni ilivyokuwa.

Hapa Leicester halmashauri inakodisha vishamba. Waingereza wanavipenda vishamba hivi kupita kiasi. Kuna sheria ya tangu 1908 inayozitaka halmashauri ziwatafutie watu pa kulima, na mpaka leo wanavipima kwa fito, kipimo cha mababu zao. Shamba zima ni fito 10, yaani kama mita za mraba 250. Mimi nilipata nusu, baada ya kukaa kwenye foleni mpaka nikasahau kwamba niliandikisha jina. Ukisema Tanga kwamba una shamba Uingereza, watu wanakuona una trekta. Nina toroli. Tairi lake halina upepo.

Upande wa kushoto nimepakana na mzee wa Kiingereza, dereva wa basi mstaafu, kaptula na soksi mpaka magotini, chai yake kwenye thamosi. Huyu ana ugonjwa wa mamumunye. Kila mwaka anapanda miche sita wakati miwili inatosha ukoo mzima, na ikifika Julai anaanza kukuvizia. Ukigeuka kufunga bomba, ukirudi unakuta mamumunye matatu ndani ya ndoo yako na mwenyewe anaangalia mawinguni.

Kulia yupo Mama Kampala. Ni Mgujarati, alikuwa msichana Amin alipowapa Wahindi siku 90 wafungashe virago mwaka 1972. Mwaka ule ule halmashauri ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije huku, nafasi zimejaa. Mama Kampala anasema bila lile tangazo asingejua kama duniani kuna mji unaitwa Leicester. Kiswahili chake ni kile cha dukani, hakina ngeli wala aibu, na siku aliyonisikia nikiongea na simu kwa Kiswahili aliacha jembe akaja kunishika mkono. Ndiye aliyenipa mbegu za mchicha. Yeye anauita dodo, kama Waganda. Tulibishana wiki nzima, dodo ni embe au ni mboga, hatukuafikiana, mbegu nikachukua.

Mbegu hizo nilizilea dirishani kwenye vikopo vya yogati tangu Aprili, kama mtoto njiti. Mwisho wa Mei, baridi ilipokata, nikaipeleka miche 24 shambani. Mama watoto alikuwa ameshatangaza kwa simu kwamba baba yake akija atakula mchicha wa nazi uliolimwa na mkwewe kwa mikono yake. Baba mkwe, karani mstaafu wa shamba la mkonge, alikuwa anakuja kukaa nasi majira ya joto. Mnajua wenyewe, mbele ya mkwe mtu hupiga hata chafya kwa adabu.

Asubuhi ya pili nikakuta miche saba.

Ya tatu, miwili. Iliyobaki ilikuwa vijiti vimesimama wima, na juu ya udongo njia za ute zinameremeta kwenye jua kama mtu aliyechora ramani kwa fedha. Makoa! Wale konokono wasio na nyumba. Ule ulikuwa mwaka 2024, na miezi 18 iliyoishia Machi mwaka huo ilikuwa ya mvua nyingi Uingereza kuliko miezi 18 yoyote tangu waanze kuandika rekodi mwaka 1836. Kila koa aliyezaliwa alikuwa amepona, ameoa, na amejenga.

Nikauliza sumu. Dereva mstaafu akacheka: zile punje za buluu za zamani zimepigwa marufuku tangu 2022. Na mwaka huo huo, Jumuiya ya Kifalme ya Bustani, hao wenye maonyesho ya maua ya Chelsea, ikatangaza kwamba haitawaita tena makoa waharibifu, kwa sababu kati ya aina 44 hivi zilizopo nchini ni 9 tu zinazokula mimea ya bustani. Tena yupo koa mwenye madoa, wanamwita koa chui, ambaye huwala makoa wenzake. Kwa kifupi, koa wa Uingereza ana watetezi wengi kuliko mimi niliyeishi kwa viza miaka sita.

Nikajaribu kuwaokota usiku. Juni hapa giza lenyewe linakuja saa nne, kwa hiyo saa tano na nusu nilikuwa nimechuchumaa na tochi mdomoni, ndoo mkononi, nikiwabandua mmoja mmoja. Kila mmoja mnene kama kidole gumba, na ule ute hautoki kwa sabuni, wala kwa ndimu, wala kwa majuto. Mke wangu alinikataza kushika sahani kwa siku mbili.

Ndipo dereva mstaafu akanipa siri. Chimbia vikopo ardhini, akasema, mdomo ubaki juu kidogo ya udongo, jaza bia nusu. Wanafuata harufu, wanatumbukia, wanakufa wakiwa na furaha. Nikamwuliza hakuna kingine? Akasema kipo, ila hakijui.

Basi Jumamosi ya tarehe 29 Juni nikaendesha gari mpaka supamaketi ya mbali kabisa, nje ya mji, ambako hanijui mtu. Kofia nimeishusha mpaka kwenye nyusi. Michuano ya Ulaya ilikuwa imepamba moto, bia zimepangwa mlangoni kama magunia ya mkaa, bendera juu yake. Nikachukua makopo manne ya bei ya chini kuliko yote (koa hachagui), nikaweka juu yake mkate, na juu ya mkate nikalaza koti. Nikaenda kwenye mashine za kujilipia mwenyewe ili nisikutane na uso wa mtu.

Kosa. Mashine hizo ukipitisha pombe zinagoma mpaka mhudumu aje ahakikishe umri wako. Taa juu ya kichwa changu ikawaka nyekundu. Ikaanza kupepesa. Sauti ya kike ikatangaza kwamba ninahitaji msaada, jambo ambalo kwa kweli lilikuwa sahihi. Mhudumu akaja, akainua koti, akainua mkate, akatabasamu: "Za mechi ya kesho, eh?"

Nyuma yangu sauti ikasema, "Assalaam alaykum."

Ustadhi. Yule yule anayewafundisha wanangu Kurani kila Jumapili asubuhi, ameshika maziwa lita mbili. Na yeye alikuwa amefuata bei nafuu.

"Wa alaykum salaam, ustadhi. Hizi... hizi ni za makoa."

"Za Wamakua?" akauliza. "Wamakua gani?"

"Si Wamakua! Koa! Wadudu! Wananilia mchicha, sasa nawawekea bia."

Ustadhi akanitazama kwa upole, kama unavyomtazama mgonjwa anayekuuliza kesho tunaenda wapi. "Allah atuongoze sote," akasema, akahamia mashine nyingine.

Nilipitia shambani moja kwa moja. Makopo mawili yakatosha vikopo vyote vya yogati. Mawili yaliyobaki nikamwachia dereva mstaafu, maana kuyapeleka nyumbani ningekuwa nimechanganyikiwa kweli. Nikarudi nimetulia. Kufungua mlango, nikakuta habari imenitangulia. Mke wa ustadhi alipiga simu "kutoa pole". Mama watoto amekunja mikono. Na kwenye kochi, tasbihi mkononi, amekaa baba mkwe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Kimya. Tasbihi ikapita punje tatu. "Mwanangu, hao makoa umeanza kuwanunulia lini?"

Nikaeleza. Nilieleza vizuri kabisa, na kadiri nilivyoeleza vizuri ndivyo nilivyozidi kuonekana mlevi. Mzee akaanza kuhesabu kwa vidole watu waliolaaniwa kwa ajili ya pombe: anayekamua, anayekamuliwa, anayekunywa, anayebeba, anayebebewa, anayeuza, anayenunua... Akafika mwisho akarudia tena tangu mwanzo. Nadhani alikuwa anamtafuta anayemnywesha mdudu. Hakumwona. "Kesho," akasema, "nipeleke nikaone."

Kesho yake jioni tukaenda, mzee na kanzu yake nyeupe na kofia ya viua. Nilikuwa na hakika ushahidi utaniokoa. Na kweli, vikopo vilikuwa vimejaa: tulihesabu makoa 31, wamevimba, wamelala chali kwenye povu. Mzee akainama, akanusa, akarudi nyuma hatua moja. Nikamwona uso unaanza kulainika. Dakika mbili zaidi ningekuwa huru.

Dereva mstaafu akatoka bandani. England walikuwa wanacheza na Slovakia, redio yake inapiga kelele, mkononi lile kopo langu. Akafurahi kutuona, akaongea kirefu. Kiingereza cha baba mkwe ni cha barua za ofisi. Lafudhi ya Leicester ilimshinda. Mama Kampala akajitolea kutafsiri.

"Huyu nasema kijana yako mzuri sana," akaanza. "Jana naleta pombe kopo nne. Wadudu nakunywa mbili, yeye nakunywa mbili. Yote kwisha."

"Yeye nani?" akauliza mzee.

"Yeye!" akasema Mama Kampala, na kidole chake kikazunguka kikimtafuta dereva, ambaye wakati huo alikuwa ameinama kuokota mumunye, kwa hiyo kidole kikatua kwangu.

Nikafungua mdomo kujitetea. England walikuwa nyuma kwa bao moja, mchezo uko dakika za majeruhi, na sekunde hiyo hiyo Jude Bellingham akapiga tikitaka. Kwenye kila banda la vishamba vile pakalipuka. Dereva mstaafu aliruka juu na soksi zake, akamkumbatia mtu wa karibu kuliko wote, naye alikuwa baba mkwe, na kopo la bia likaishia lote kifuani mwa kanzu.

Tulirudi madirisha yamefunguliwa. Mzee hakusema neno. Mimi nilikuwa naomba tu tusisimamishwe na polisi, maana gari zima linanuka na anayenuka si dereva.

Alifua kanzu mwenyewe, mara tatu. Kisha akatoka bafuni na wazo, maana hakukaa karani miaka thelathini bure. "Kinachowavuta si bia," akasema. "Ni chachu. Kule kwetu kibuyu cha tembo kikitundikwa, kila mdudu anakijua. Mama, una hamira?"

Akaomba kidumu cha mafuta ya kupikia cha lita tano, kitupu. Akatia maji ya uvuguvugu, sukari robo kilo, unga kidogo, hamira pakiti mbili, akatikisa. Mtego wa halali, akauita. Akakaza kifuniko kwa nguvu zake zote, kisije kikamwagikia zulia, akakiweka dirishani juani "kiive". Nilitaka kusema jambo kuhusu kifuniko. Lakini mimi ni nani? Mlevi wa nyumba.

Jumanne mama watoto akamwalika ustadhi na mkewe kwa chai na vitumbua, jina langu lisafishwe. Mzee alizungumza kwa niaba yangu, kwa ufasaha mkubwa. Alieleza habari ya makoa, akasema ameyaona kwa macho yake, akasema mkwe wake amekosea kwa ujinga, si kwa ulevi, nami nikaitikia kwa kichwa ujinga wangu. Ustadhi akawa anatabasamu, kitumbua cha tatu mkononi. Dirishani, nyuma ya bega lake, kidumu kilikuwa kimevimba kama chura aliyekasirika. Nilikiona. Kilikuwa kinalia kidogo, kii, kii.

Kifuniko kiligonga dari. Kilichofuata kilikuwa povu, jeupe, zito, la moto wa jua, likamwagika kwenye kofia ya ustadhi, kwenye vitumbua, kwenye pazia jipya. Na harufu ikatanda nyumba nzima. Siyo harufu ya kufananisha, jamani. Ilikuwa pombe kamili, ya kienyeji, iliyoiva siku mbili.

Hakuna aliyepumua. Ustadhi akajipangusa kijicho kimoja, akanigeukia mimi. Mimi nikamgeukia baba mkwe. Baba mkwe aliangalia kidumu, akaangalia tasbihi yake, akakohoa.

"Ustadhi," akasema taratibu, "hii ni ya makoa."