Kwa Nini Wananiita Isaya

Kuna watu kwenye kwaya yetu wananiita Isaya na mimi ni mwanamke, mama wa watoto wawili, kwa hiyo leo acha nieleze jina lilikotoka maana kila mtu analisimulia anavyotaka na wengine wameshaongeza chumvi mpaka eti nililia mbele ya mtu wa maktaba. Sikulia. Lilikuwa vumbi.

Iko hivi. Mimi ni karani wa kwaya, kanisa letu liko hapa Kampala, ibada yetu ni ile ya Kiswahili ya saa nane mchana, tuko watu wa Busia kama mimi, watu wa Arua, Wakongo wengi, na wazee wawili watatu waliostaafu jeshi. Kila mtu amekuja na Kiswahili cha kwao ndiyo maana mazoezi yetu ni masaa matatu, saa moja ya kuimba na mawili ya kubishana matamshi.

Pasaka ikakaribia, mwalimu akatangaza mwaka huu tunaimba Haleluya ya Handel, yule mtunzi wa zamani, sauti nne kamili, siyo ile ya kukariri kwenye simu. Shida ni nota. Tulizokuwa nazo ni fotokopi ya fotokopi ya fotokopi, solfa imeandikwa kwa kalamu chini ya kila mstari, ukurasa wa kwanza una doa jeusi la duara pale kona ya chini ambalo besi kwa miaka yote waliamini ni alama ya kupumzika, wakifika hapo wanavuta pumzi wote pamoja kama ng'ombe. Ukurasa wa tatu panya amekula upande wa tena, ile sauti ya juu ya wanaume. Tena wetu wakifika kwenye shimo wananyamaza, wanahesabu kichwani, wanaibukia ng'ambo. Mara nyingi wanaibukia mahali tofauti tofauti.

Nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe, hiyo ni kazi ndogo, niachieni mimi, nina mtu. Mtu mwenyewe ni mtoto wa dada yangu, yuko chuo kikuu, na maktaba yao ina katalogi ya kwenye intaneti ambayo unaweza kusachi ukiwa kitandani kwako. Akanipa namba yake na paswadi, akaniuliza shangazi nikuonyeshe inavyofanya kazi? Nikamwambia mimi nilianza kutumia kompyuta wewe hujazaliwa.

Usiku wa kwanza nikaandika Handel. Simu yangu ina kiherehere, ikasahihisha ikaweka handle, yaani kushughulikia kwa Kiingereza, mimi sikuona. Majibu yakaja mengi nikafurahi, nikaanza kufungua moja moja, kumbe yote ni utunzaji wa mazao baada ya kuvuna, mahindi, kahawa, maziwa, nyanya. Nikasoma muda mrefu nikidhani ni utangulizi. Sasa hivi mtu akiniuliza mahindi yakauke kiasi gani kabla ya kuweka stoo namjibu hapo hapo, unyevu usizidi asilimia 13, na uyaanike juu ya turubai siyo kwenye udongo. Lakini Haleluya hakuna.

Usiku wa pili nikaandika Haleluya. Sifuri. Haleluja, sifuri. Halleluya na l mbili, sifuri. Nilikuwa nimezoea Google, unaandika ovyo yenyewe inakuuliza ulimaanisha hiki? Hii katalogi haikuulizi kitu, inakutazama tu. Mpiga kinanda naye alikuwa ameniomba nimtafutie kitu cha organ, kinanda kile cha kanisani, nikaandika organ, ambayo kwa Kiingereza ni kiungo cha mwili pia, ikaniletea figo. Figo, ini, moyo, namna ya kumtoa huyu na kumwekea yule, maana chuo kina madaktari. Nikazima simu nikalala nimejishika kiuno.

Siendi usiku kwa usiku, tutakesha. Niseme tu kwamba Handel mwenyewe aliandika Messiah yote, kile kitabu kizima ambacho Haleluya imetoka humo, muziki wa kama masaa mawili na nusu, kwa siku 24 tu mwaka 1741, na mimi kukitafuta tu nilitumia siku 26.

Siku ya 26 ilikuwa saa tano usiku, bando imebaki kidogo, nikaandika Messiah, ikaja milima ya teolojia, nikashuka, nikashuka, nikashuka, mpaka macho yangu yakatua hapa:

Handel, George Frideric, 1685-1759. Messiah. 6 s. 12 in. 33 1/3 rpm.

Nilipiga vigelegele mume wangu akaamka akidhani ni wezi.

Sasa ngoja niwaambie nilivyousoma ule mstari, na naomba msicheke kabla sijamaliza. Hiyo 6 s. nikasema s ni soprano, yaani nakala sita za soprano, na sisi soprano tuko sita. Sita kamili! Mungu si Athumani. Hiyo 12 in. nilijua ni inchi, nikasema kitabu cha inchi 12 ni kikubwa, maandishi makubwa, Mzee wetu wa besi mwenye mtoto wa jicho ataona bila kuazima miwani ya mke wake. Hiyo rpm nikaona ni Reverend P. M., padri fulani marehemu aliyeachia maktaba vitabu vyake, nikamwombea. Halafu 33 1/3. Hapo ndipo nilipojimaliza. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba maneno yote ya Messiah yametoka kwenye Biblia, na yanaanza na Isaya, sura ya 40. Nikawaza, kumbe hii ni toleo lingine, linaanza na sura ya 33, mstari wa 1 mpaka wa 3.

Nikaliwekea oda saa ile ile kwa namba ya mtoto wa dada. Nikaandika kwenye grupu la WhatsApp, wapendwa nota zimepatikana, leteni elfu kumi kumi ya fotokopi, na kwa maandalizi ya kiroho kila mtu asome Isaya 33:1-3.

Alhamisi kwaya nzima imesimama, Mama mweka hazina ndiye msomaji, anafungua, anasoma kwa ile sauti yake ya bungeni, na mstari wenyewe unaanza na Ole wako wewe uharibuye. Akasimama. Akanitazama juu ya miwani. "Karani, huu ndio wimbo wa Pasaka?" Nikamwambia mama, muziki wa kizungu huanza kwa huzuni, furaha inakuja baadaye. Mwalimu alikuna kidevu lakini hakusema kitu, na kwa nini hakusema kitu nitawaambia, subirini. Tukaimba, tukaomba, nikapokea laki mbili na ishirini elfu taslimu na mweka hazina akanikatia risiti.

Jumatatu nikapanda boda na mvua ile ya asubuhi ambayo haikunyeshei, inakulowesha tu. Nimevaa gomesi, lile vazi la heshima la kina mama wa Uganda. Msiniulize kwa nini gomesi kwenye boda, niliona naenda mahali pa heshima. Mlangoni nikaacha mkoba, nikalipa ada ya mgeni, nikabaki na pesa za fotokopi nimezifunga kwenye leso. Mtoto wa dada akanipeleka kaunta. Pale kuna mzee mmoja wa maktaba, mpole, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, akaangalia kompyuta yake akanichekea vizuri.

"Nyabo, karibu. Hizi hakuna mtu ameziomba siku nyingi. Umekuja kuzisikiliza?"

Mimi nikadhani Kiswahili chake ndicho kimeteleza. "Hapana ssebo, nimekuja kutoa fotokopi."

"Fotokopi ya nini?"

"Ya hizo. Zote sita."

Akashusha miwani. "Pande zote sita?"

"Pande zote, mbele na nyuma, karatasi isipotee bure."

Mtoto wa dada akaanza kusogea polepole kuelekea kwenye rafu ya magazeti kama mtu ambaye hatujui. Mzee hakucheka, Mungu ambariki, akaingia stoo akakaa huko, akatoka na boksi la mraba la kadibodi limechanika kona na limebandikwa selotepu ya rangi ya chai, akalipuliza, vumbi likanijaa machoni, hilo ndilo vumbi, akafungua. Akatoa kwenye bahasha yake kitu cheusi, cha duara, kikubwa kama sinia la kulia wali, kinang'aa, kina mistari midogo midogo inayozunguka mpaka katikati. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha ili nikione vizuri na nilichokiona ni uso wangu, gomesi, na leso ya laki mbili na ishirini.

Santuri.

Akanieleza taratibu kama anayemweleza mgonjwa. Ile s siyo soprano, ni sides, yaani pande, maana santuri tatu zina pande sita, kila upande kama dakika ishirini na kitu. Inchi 12 ni upana wake. Na rpm ni mizunguko kwa dakika, santuri hizi ndefu zinazunguka mara 33 na theluthi moja kila dakika. Maktaba ilipohamia kompyuta, kadi za zamani zilinakiliwa hivyo hivyo na vifupisho vyake, siku hizi wanaandika wazi kwamba ni santuri. Kwa hiyo Reverend P. M. niliyemwombea alikuwa mzunguko.

Nikauliza basi naweza kusikiliza. Akasema mashine ipo ila sindano haipo. Nikauliza kwenye boksi hakuna nota hata kidogo? Kulikuwa na kijitabu cha maneno, na kwa sababu siwezi kurudi kwa watu mikono mitupu, nikakitolea fotokopi. Ile kurasa yenye Haleluya nikaitolea nakala 22. Ina neno Haleluya na maneno mengine machache ambayo kwaya yote inayajua tangu Sunday school.

Yule mzee akanihurumia akanivutia kiti nyuma ya kaunta. Akanionyesha pale kushoto ya katalogi kuna mahali pa kuchagua aina ya kitu, nota, kitabu, sauti, mimi siku 26 nilikuwa naona ni pambo. Akaniambia nikitaka nota za waimbaji niandike vocal score, hizo ndizo zenye sauti zote nne na vyombo vimebanwa chini kwa kinanda kimoja, nisije nikabeba ile ya okestra nzima nikabaki natafuta soprano kati ya tarumbeta. Na herufi, herufi! Akanipa mtihani, andika Kyagambiddwa, yule Mganda aliyetunga oratorio, yaani utungo mrefu wa kwaya, ya Mashahidi wa Uganda iliyoimbwa Roma mwaka 1964 walipotangazwa watakatifu. Nikaandika na d moja. Sifuri. "Ongeza d," akasema. Nikaongeza d, akatokea. Yaani mtu ameimbiwa mpaka Roma na d moja inamficha.

Halafu tukasachi pamoja, Handel, Messiah, vocal score. Sekunde mbili. Ikaja, nakala moja. Moyo ukapiga. Pembeni imeandikwa imeazimwa, na tarehe ya kurudisha ni ya miaka mingi iliyopita, mingi kiasi kwamba mtoto wa dada aliyekuwa amerudi kinyemela akasema wakati huo alikuwa shule ya msingi.

"Hiyo ndiyo ilikuwa peke yake," mzee akasema kwa huzuni kabisa, kama anamtaja marehemu. "Tulikuwa tunaipigia muhuri wetu kila penye nafasi, lakini wapi." Akanionyesha muhuri wenyewe, akaugonga kwenye karatasi chakavu.

Duara. Jeusi. Pale kona ya chini.

Nikakaa kimya. Nikaangalia ile karatasi, nikasikia kichwani besi wote wakivuta pumzi pamoja kama ng'ombe. Mkoba ulikuwa mlangoni, nikaufuata, nikatoa ile fotokopi ya fotokopi ya fotokopi, nikaweka doa kando ya muhuri, ukubwa ule ule, na ukikaza macho unaona hata mkia wa herufi. Sikumwambia mzee kitu. Nikamuaga kwa magoti yote mawili, nikatoka nje nikampigia mwalimu.

"Mwalimu, ulisoma chuo gani vile?"

Kimya. Nilisikia jogoo wa jirani yake.

"Dada karani," akasema mwishoni, "nilikuwa nangoja muda mzuri wa kuirudisha."

Alhamisi akaileta imefungwa kwenye gazeti, jalada bado zima, haina hata kikunjo, panya wake wamestaarabika kuliko wetu. Tukaitolea fotokopi usiku huo huo Nasser Road, kurasa za Haleluya tu, chenji ikarudi kwa wenyewe, na Ijumaa mtoto wa dada akaibeba kuirudisha akiwa amevaa kofia. Mzee wa besi nikamsimulia mambo ya 33 na theluthi, akacheka mpaka akashika ukuta. "Binti yangu, si ungenionyesha tu? Mimi nilikuwa nazo hizo kabati zima, rika letu lote linajua hiyo namba." Kumbe angeijua bila hata miwani ya mke wake.

Pasaka tuliimba na tena waliibukia mahali pamoja kwa mara ya kwanza. Besi bado wanavuta pumzi kwenye muhuri, wamekataa kuacha.

Mtu amekaa na kitabu cha maktaba tangu ujana wake, kwaya nzima inajua, na mpaka leo anaitwa Mwalimu. Mimi niliyekitafuta siku 26 nikiingia tu mazoezini kuna mtu kule nyuma kwenye tena anakohoa na kusema polepole, "Ole wako."

Nakujua ni wewe. Na ile elfu mbili ya chenji yako bado ninayo.