Usiuze bakapu, uza urejeshaji

Mikataba mingi kati ya wasimamizi wa mifumo wa kujitegemea na ofisi ndogo wanazozihudumia ina mstari unaosema "kufanya bakapu kila siku", yaani kutoa nakala ya akiba ya data. Mstari huo naupinga. Mwenye duka la dawa, shule au ofisi ya uwakala wa forodha anachotaka ni kwamba seva ikiungua Jumatatu asubuhi, mhasibu wake awe anatoa ankara kabla ya jioni, na ankara za Jumamosi ziwemo. Hapo kuna mambo mawili: muda wa kurudi kazini, na kiasi cha kazi ambacho mteja yuko tayari kukipoteza. Yote mawili yaandikwe kwa saa, yasainiwe, halafu yajaribiwe mbele ya mteja kila baada ya miezi 3. Bila jaribio hilo tunamuuzia mtu mbuzi kwenye gunia.

Hesabu ndiyo inayovunja ahadi nyingi. Chukua ofisi yenye data ya GB 200 na laini ya intaneti inayopandisha kwa Mbps 5 (megabiti kwa sekunde; biti 8 ni baiti moja). Bakapu ya kwanza kwenda seva ya mbali itachukua karibu saa 89, yaani siku nne kasoro, na hapo hakuna mtu mwingine anayeigusa laini. Kuirudisha data hiyohiyo kwa laini inayoshusha Mbps 20 ni zaidi ya saa 22. Diski ya nje ya USB 3 inayosoma MB 100 kwa sekunde inamaliza kwa dakika 35 hivi. Kwa hiyo nakala ya kurudishia kazi ikae ofisini. Ya mbali ni kwa ajili ya moto, wizi na mafuriko. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja. Siku kama zile, aliyeweka nakala yake ya pekee Ulaya ni kama hana kitu. Tena, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya 2019 zina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na mteja anastahili kuambiwa hilo mapema.

Diski za ofisini ziwe mbili, zibadilishwe kila wiki, moja ikilala kwa bosi nyumbani. Virusi vya kudai fidia (ransomware) vikiingia kwenye seva, diski iliyochomekwa hufungwa pamoja nayo.

Kwa zana, natumia restic, programu huria ya bakapu, na sioni sababu ya kununua programu ya bei kubwa kwa ofisi ya watu 10. Inasimba data, yaani inaifunga kwa nywila, kabla haijatoka kwenye mashine, na baada ya mara ya kwanza inatuma vipande vilivyobadilika tu. Lakini hifadhidata ishughulikiwe kwanza. Ukinakili folda ya PostgreSQL, programu inayotunza hifadhidata, huku inafanya kazi, faili zinachukuliwa kwa nyakati tofauti na zikirudishwa haziafikiani. Toa dampo, yaani faili moja yenye data ya hifadhidata, kwa `pg_dump -Fc`, kisha ongeza `pg_dumpall --globals-only`, kwa sababu amri ya kwanza haibebi watumiaji wala nywila zao. Hili la pili husahauliwa mno: majedwali yote yanarudi salama, ila programu ya uhasibu inakataliwa mlangoni.

Mtego mwingine uko kwenye diski yenyewe. Ikichomolewa, folda ya `/mnt/nakala` bado ipo, na script (faili ya amri zinazojiendesha) inayonakili kwa rsync, programu ya kunakili faili, inaendelea kuandika humo bila malalamiko, safari hii kwenye diski ya mfumo, hadi inajaa na seva inakwama. Mstari mmoja mwanzoni mwa script unatosha: `mountpoint -q /mnt/nakala || exit 1`.

Kisha saa. Seva nyingi za kukodi huja zikiwa kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3. Ukiandika `0 5 * * *` kwenye cron, programu inayoanzisha kazi kwa ratiba, ukidhani ni saa 11 alfajiri, kazi inaanza saa 2 asubuhi ya Afrika Mashariki, wakati wafanyakazi wanawasha mashine na laini inasongwa. Weka `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, halafu washa cron upya, la sivyo inaweza kuendelea na saa ya zamani.

Hata saa ikiwa sahihi, ofisi nyingi huzima swichi kuu wanapofunga. Bakapu ya usiku wa manane hapo haitafanyika hata siku moja, na cron haikumbuki kazi iliyopita ikiwa mashine imezimwa. Tumia timer (kipanga ratiba) ya systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, yenye `Persistent=true`, ambayo hufanya kazi iliyokosekana mara seva inapowaka. Mimi naona bora zaidi kupanga bakapu saa 7 mchana, watu wakiwa kwenye chakula na mashine zote zikiwa hai. Restic haitaathiri utendaji kiasi cha mtu kulalamika, ukiibana kasi ya kutuma kwa `--limit-upload`.

Taarifa nazo zipangwe kinyume na mazoea. Ujumbe wa "imeshindikana" hautumwi na mashine iliyozimwa. Panga bakapu iliyofanikiwa itume ishara kwenye seva yako, na seva hiyo ikupigie kelele saa 26 zikipita bila ishara. Kimya kihesabiwe kuwa hitilafu.

Siku ya jaribio, usiguse seva inayofanya kazi. Chukua mashine nyingine, hata kompyuta ndogo ya zamani yenye SSD, weka Debian (mfumo endeshi wa Linux) na PostgreSQL za matoleo yaleyale, chomeka diski ya nakala, andika saa ya kuanza. `restic restore latest --target /srv/jaribio`, kisha rudisha watumiaji, kisha `pg_restore`. Muite mhasibu aifungue programu na atafute ankara ya mwisho anayoikumbuka. Yeye ndiye anayesema imerudi au haijarudi. Mara nyingi hapa ndipo yanapojitokeza ya kukosekana: mipangilio ya mfumo kwenye `/etc`, crontab (ratiba za cron), leseni iliyofungwa kwenye mashine ya zamani. Kati ya jaribio moja na jingine, `restic check --read-data-subset=5%` kila mwezi husaidia kugundua diski inayoanza kuoza.

Jaribio lilipiwe kama kazi ya nusu siku, kwenye ankara yake, lisifichwe ndani ya ada ya mwezi. Mteja asiyelitaka atie saini kwamba amelikataa.

Nywila ya restic ikipotea, hakuna wa kuifungua nakala, hata waliotengeneza programu. Kwa hiyo iwe ndani ya bahasha iliyofungwa kwenye kasha la mteja, pamoja na ukurasa mmoja wa hatua za kurejesha. Jaribio moja kwa mwaka lifanywe na mtu mwingine kabisa, akifuata ukurasa huo tu, wewe ukiwa umekaa kando bila kusema neno. Atakapokwama, andika pale alipokwama, sahihisha ukurasa, weka tarehe mpya.