Hana Homa, Lakini Hapumui Vizuri

Mgonjwa anayetibiwa saratani kwa tibakemia huambiwa akipata homa akimbilie hospitali. Ushauri huo ni sahihi, na asiupuuze hata kwa saa moja. Kinachonikera ni jinsi tunavyoupindua: joto likiwa la kawaida, tunajipa moyo kwamba ni mafua ya kupita.

Joto hupanda kwa sababu kinga ya mwili imeshtuka na inapambana. Sasa mtu aliyepandikizwa figo, anayemeza dawa za kushusha kinga kila siku pamoja na steroidi, hilo joto litatoka wapi? Virusi vya njia ya hewa vinaweza kuwa vimeshateremka kutoka puani hadi mapafuni huku kipimajoto kikisoma 36.8. Mimi ningemtazama mgonjwa mwenyewe kwanza. Anakata sentensi katikati ili avute pumzi. Akitoka kitandani kwenda chooni anashika ukuta. Usiku halali ila ameegemea mito. Kifaa cha kubana kidoleni kikionyesha oksijeni ya damu ni asilimia 91, na kwa kawaida yake ni 97, safari ya hospitali isingoje kupambazuke.

Virusi vyenyewe si vigeni. RSV, kirusi cha njia ya hewa, ilitambuliwa mwaka 1956, kwanza kwa sokwe, na wengi huijua kama ugonjwa wa vichanga. Mtu mzima mwenye afya humtoa kamasi wiki moja, basi. Kwa aliyepandikizwa uboho, hasa kama limfosaiti zake (aina ya chembe nyeupe za damu) ziko chini, inaweza kugeuka nimonia ya kuua. Parainfluenza na adenovirusi, virusi vingine vya njia ya hewa, nazo hufanya hivyo hivyo. Tena mgonjwa wa namna hii anaweza kuendelea kutoa virusi kwa wiki kadhaa, hata miezi, kwa hiyo zile siku tano au saba za kujitenga tulizozizoea hazimfai.

Kwa influenza, yaani mafua makali, kuna dawa ya oseltamivir. Hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48, lakini mwenye kinga dhaifu apewe hata akichelewa, na asisubirishwe majibu ya maabara. Kwa RSV ikishaingia mapafuni, mkoba wa daktari hauna mengi. Dawa ya ribavirini ipo, ila ushahidi wake ni hafifu.

Chanjo je? Achanjwe, isipokuwa kwa chanjo zenye virusi hai, kama ile ya mafua ya kupuliza puani. Ila aliyetumia rituksimabu, dawa inayoangamiza chembe za kinga, karibuni mwili wake huenda usitengeneze kingamwili za maana kwa miezi sita au zaidi. Ndiyo maana naona tunamwonea tunapomwachia yeye kazi yote ya kujilinda: avae barakoa, akae ndani, akatae wageni (na akikataa, anaitwa mwenye maringo). Wanaopaswa kuchanjwa kwanza ni wanaolala naye nyumba moja. Mwenye kukohoa apige simu, asije kumjulia hali.

Na hospitali zisijitoe. Muuguzi mwenye mafua anayeingia zamu ya wodi ya saratani kwa sababu hana wa kumshikia nafasi ni kosa la aliyepanga zamu. Mgonjwa wa wodi hiyo akianza kukohoa, sampuli ya pua ichukuliwe siku hiyo hiyo, ipimwe kwa PCR, kipimo cha maabara cha vinasaba, inayotafuta virusi vingi kwa pamoja. Kipimo cha haraka kikisema hana, kisitumike kumrudisha nyumbani.