Chembe ya mwanga ipo, ila si punje

Juzi barazani, Mji wa Kale, mzee mmoja alinichokoza kahawa tungu ikimiminwa: "Wewe fundi wa sola, hizo chembe za mwanga umepata kuziona, au mwatuuzia hewa?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali hilo limewagawa hata wenye tuzo ya Nobeli. Mwanafizikia Willis Lamb, aliyeipata 1955, aliandika makala mwaka 1995 akishikilia kwamba hakuna kitu kama fotoni, yaani hiyo chembe ya mwanga. Na hakuwa akibwabwaja. Ule ushahidi tuliokaririshwa shuleni, wa mwanga kung'oa elektroni kwenye metali kama alivyoueleza Einstein 1905, waweza kuelezwa kwa mwanga wa mawimbi matupu, mradi atomi ndizo zipokee nishati kwa mafungu. Kwa hiyo hata paneli ninazofunga juu ya mapaa ya Kisauni hazithibitishi chembe. Inaniuma kidogo kusema hivyo.

Kilichonishawishi mimi ni jaribio la Ufaransa la 1986, la Grangier, Roger na Aspect. Waliachia mwanga hafifu, fotoni moja moja, ukagonga kioo kinachopitisha nusu na kurudisha nusu, kila upande kukiwa na kihesabio. Wimbi lingegawika, vihesabio vikalia pamoja mara kwa mara. Vililia pamoja mara chache mno, kuliko wimbi lolote lingeweza. Lakini njia hizo mbili zilipokutanishwa tena, mwanga ule ule ukafanya kama uliopita kote kuwili! Punje ya mchanga haifanyi hivyo.

Ndiyo maana nasema fotoni ipo, ila tusiifikirie kama kijigololi kinachosafiri kutoka juani.

Mzee alikuwa ametoa simu alipie kahawa. Nikamwuliza, "Hiyo shilingi yako imekaa wapi humo ndani?"

"Haikukaa popote. Ni salio."

"Na ipo?"

"Ipo, mwanangu! Wataka kunidhulumu?"

Mfano una ufa, najua. Shilingi zote ni sawa, ilhali fotoni ya buluu imebeba nishati nyingi kuliko ya nyekundu. Lakini shilingi na fotoni zote huhesabika pale zinapopokelewa, moja nzima au hakuna.

Mzee akabonyeza namba ya siri, akamgeukia muuza kahawa.

"Imefika?"

"Imefika."