Ngozi ya kondoo si kanga

Sisi watu wa Pwani tuna ugonjwa mmoja: kitu kikianza kunuka tu, tumeshakitosa kwenye beseni. Nimelelewa hivyo hapa Bagamoyo, na ndivyo nilivyoiua ngozi ya kondoo ya kwanza niliyokabidhiwa.

Ilikuwa pedi ya kukaa chini ya tandiko la farasi, sufu nyeupe, nene, ukiikandamiza kidole kinazama. Nilikuwa na wiki ya tatu kazini, nafagia banda na kuwahudumia farasi watatu wanaopandisha wageni ufukweni. Pedi imejaa jasho, mchanga na manyoya. Nikaitia maji ya moto, nikamwaga sabuni ya unga bila kupima, nikafikicha, nikakamua, nikaianika juu ya bati saa sita mchana. Jioni nikashusha kitu kikavu kama papa wa ng'onda, kimejikunja pembe zote nne, sufu imeshikana madonge.

Nikampelekea mjomba, ambaye ana punda wa kubebea mchanga, nikitumai ana dawa ya kulainisha. Akaigonga kwa ukucha, ikalia ko, ko.

"Mjomba," akaniambia, "hii ngozi, si kanga."

Nikakatwa mshahara miezi miwili. Na msiniambie ningepata nyingine machinjioni. Kondoo wetu hawa wa mkia mnene wana nywele fupi tu, hawana sufu. (Kuna aliyenishauri nijazie sufi ya mto. Sufi ni ya mti, sufu ni ya kondoo. Herufi moja tu, lakini punda na farasi wanaijua tofauti.) Ngozi zenye sufu ya kweli hutoka nje, na bei yake haina mzaha.

Baadaye nikaelewa nilikosea wapi, na ni karibu kila mahali. Unywele wa sufu una magamba madogo sana. Ukiupa moto na msuguano kwa pamoja, magamba yanang'ang'aniana na hayaachiani tena. Sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vya kula madoa ya damu na maziwa, yaani protini. Sasa sufu ni protini, na ngozi iliyoishikilia nayo ni protini. Unailisha sabuni pedi yako mwenyewe. Halafu lile bati likamalizia: ngozi ikikaushwa haraka kwa joto, nyuzi zake hugandana na kusinyaa.

Kwa hiyo maoni yangu, ambayo yanawaudhi wenzangu bandani: tunafua mno. Pedi ya ngozi ya kondoo haihitaji maji kila wiki. Sufu inaweza kunywa unyevu wa takriban asilimia 30 ya uzito wake kabla hujauhisi mkononi, ndiyo maana inafaa mgongoni mwa farasi. Lakini ilichokunywa lazima ikipumue. Nikivua tandiko, naigeuza pedi manyoya juu, naitundika kivulini penye upepo. Ikikauka, naikung'uta, kisha naipitishia brashi ngumu mpaka mchanga na manyoya ya farasi yaachie. Mwenzangu huona huo uvivu. Uvivu gani unaochosha mkono namna hii?

Maji naitia mara mbili tu kwa mwaka, na nikiweza kuchagua basi ni Julai, kusi inavuma na jua halina ukali. Maji ya uvuguvugu, nyuzi 30 hivi, unayoweza kumwogeshea mtoto mchanga. Sabuni laini ya maji ya kufulia sufu, na ikikosekana, shampuu isiyo kali, kidogo. Jiki marufuku. Naibonyeza na kuiachia, naibonyeza na kuiachia, sifikichi. Nikisuuza mpaka maji yatoke meupe, naikunja ndani ya taulo na kuikanyaga kwa miguu mitupu, maana kukamua ndiko kunakoivunja.

Kazi yenyewe iko kwenye kukausha. Inachukua siku mbili, wakati mwingine tatu, na ikifika pale ambapo ngozi ina ubaridi lakini hailowanishi kiganja, naishika pembe kwa pembe na kuivuta huku na huku. Unaiona inabadilika rangi mahali ulipovuta, inaanza kuwa nyeupe na laini. Ukiichelewa saa chache imeshakuwa ubao. Mwisho nachana sufu taratibu.

Jambo jingine ni visima vyetu. Maji mengi ya huku yana chumvi. Sabuni haitoi povu, inaacha utando, na utando ule ukikaukia kwenye sufu unamkwaruza farasi pale shingo inapoungana na mgongo. Mimi nakinga maji ya mvua. Mvua hiyohiyo wakati wa masika inaleta ukungu, basi pedi isikae kwenye mfuko wa nailoni hata siku moja.

Huu ujuzi hatukuurithi, na sababu ipo. Mwaka 1871 Stanley, yule msafiri Mzungu, aliondoka hapahapa Bagamoyo na farasi wawili. Wote walikufa hata safari haijakolea. Bara kulikuwa na ndorobo, mbung'o wanaoambukiza farasi maradhi ya kuua, na misafara ilikwenda kwa mabega ya watu. Wazee wetu wakatuachia elimu ya punda na soji, yale makanda ya mzigo ya mgongoni mwake, si ya farasi na sufu ya ng'ambo.

Ile pedi niliyoiua mjomba hakuitupa. Kaikata kipande, kakipigilia kwenye kizingiti cha banda la punda, mlango usigonge usiku upepo ukivuma.