Seti ya kampavani ya ng'ambo, au fundi wa Maweni?

Kwenye uwa wa fundi seremala mmoja hapa Maweni, Malindi, kuna maboksi matano yameegemezwa ukutani chini ya makuti tangu kabla ya masika. Ndani mna kitanda, droo mbili, meza ya kukunja na kijikabati cha jiko, vyote vipande vipande, vimekatwa kiwandani Ulaya ili mtu aviunganishe mwenyewe ndani ya gari dogo na lile gari liwe la kulalia, yaani kampavani. Mtaliano aliyeviagiza alirudi kwao kabla ya kuvifungua, akamwachia fundi. Wauzaji huviita "kiti", yaani "kit" ya Kiingereza. Mimi nilipotamka neno hilo mara ya kwanza, fundi alinitolea kitambaa cha kushonea viti vya gari. Basi hapa nitasema seti, tuelewane.

Ubishi ulianzia kwangu. Nina Toyota Noah, na nimechoka kulipia chumba kila ninapokwenda Marafa au lango la Sala kuingia Tsavo Mashariki. Nikauliza: niagize seti yangu au nimpe kazi fundi? Mwenyewe alijibu bila kusita: "Mbao za watu za nini, bwana? Nipe gari siku nne." Mpwa wake, kijana anayemsaidia kupima, akacheka. "Mjomba, droo ya jiko la mama uliipasua mara tatu ndiyo ikaingia." Mjomba akanyamaza. Mimi nikaona wote wawili wana hoja.

Niitetee seti kwanza, maana hapa kwetu hudhaniwa ni anasa ya wazungu tu. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilitengeneza kabati la kuingizwa ndani ya gari la Volkswagen: siku za kazi gari linabeba mizigo, mwisho wa wiki kabati linarudishwa na watu wanalala. Mteja wa seti analipia hesabu kuliko mbao. Gari halina kona ya mraba hata moja. Ubavu unapinda kwa ndani kadiri unavyopanda, tairi la nyuma limesukuma nundu ndani ya buti, sakafu ina mteremko, na mikanda ya viti lazima ibaki inafikika. Mtu ameshayapima hayo yote, mashine imekata, na kila kipande kinajua mwenzake. Tena seti nzuri hufungwa kwenye vikulabu vya sakafuni vilivyokuja na gari, haitobolewi bati popote. Jumatatu unaitoa, viti vinarudi, watoto wanakwenda shule.

Lakini hesabu hiyo ni ya gari fulani. Seti nyingi za Ulaya zimepimiwa Volkswagen Caddy, Citroën Berlingo na wenzao, magari ambayo hapa Malindi ni ya kutafuta. Sisi tuna Noah, Voxy, Probox na Suzuki Every. Japani wanazo seti za vitanda vya Every na Hiace, hilo kweli, ila mzigo wa maboksi mapana unalipiwa kwa nafasi unayokula melini, na forodha ya Kenya inakokotoa ushuru juu ya bei, bima na nauli kwa pamoja. Unalipa kodi hadi ya safari ya mbao.

Halafu mbao zenyewe. Tulifungua boksi moja. Ni plaiwudi ya milimita 15, laini, nyeupe kama maziwa. Fundi akachukua ubavu wa droo akaulenga kwenye mfereji wake. Ukaingia nusu ukakwama. Akagonga kwa nyundo ya mbao, taratibu, haukusogea. Alipouchomoa tukaona ukingo umevimba, na tabaka mbili za juu zimeachana kiasi cha kupitisha ukucha. Unyevu wa masika na chumvi ya pwani umeshakula hapo. Sitamlaumu mkataji: plaiwudi yoyote iliyoachwa uwani na kingo wazi ingefanya hivyo, hata ya kwetu. Ila yule aliyeikata hakuwa na kusi akilini, wakati fundi wangu anaishi nayo. Anajua kuagiza plaiwudi ya baharini, kupaka kingo vanishi kabla ya kuunganisha, na kukataa skrubu za chuma cha kawaida.

Kwa hiyo fundi ashinde? Hapana, na sababu ni uzito. Amezoea makabati ya jikoni, ambayo hayaendi popote, basi mkono wake unakwenda kwenye milimita 18 wenyewe. Karatasi ya futi 8 kwa 4 ya unene huo ina kilo kama 30. Kitanda na makabati vikila karatasi nne, umeshabeba kilo 120 kabla ya godoro, maji na watu. Noah itastahimili, itanung'unika tu kwenye matuta. Suzuki Every, ambayo kwa sheria ya Japani hubeba mizigo isiyozidi kilo 350, utakuwa umeila theluthi kwa mbao tupu. Za milimita 12 zingekuwa kama kilo 80, zikiwekewa mbavu mahali panapobeba. Fundi aliposikia alisema kitanda cha milimita 12 ni cha mtoto. Bado tunabishana.

Jambo ambalo pande zote mbili zinalikosea ni joto. Mafunzo mengi ya ng'ambo yanakazania kuzuia baridi: sufi za kuta, mapazia mazito. Mtu akilala Malindi mwezi wa Machi ndani ya bati, kaskazi imekwisha na kusi haijaanza, shida yake ni hewa. Wengine hutoboa paa waweke feni, tundu la sentimita 40 hivi kila upande. Sithubutu. Tundu kwenye bati, kando ya bahari, ni mwaliko wa kutu. Chandarua cha kushonwa chenye sumaku pembeni, kibandikwe mlango wa nyuma ukiwa wazi, pamoja na feni ndogo ya betri, kitatosha kuanzia. Na jiko libaki nje: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutulia sakafuni, palepale ulipolaza kichwa.

Umeme, bima na kitabu cha gari ni vya maneno machache. Betri ya lithiamu ya volti 12, ampia-saa 100, huendesha friji ndogo kama siku mbili bila jua. Weka fyuzi karibu kabisa na betri, usimwachie fundi seremala akufungie nyaya. Seti inayofungwa na kutolewa haibadilishi aina ya gari. Ukiling'oa gari na kulijenga upya, iambie kampuni ya bima mapema, na uulize NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.

Mimi nimeamua hivi: sinunui mbao za ng'ambo, nanunua mchoro wa Noah na reli za droo, mbao zikatwe Maweni, milimita 12. Kila kitu kifungwe kwenye vikulabu vya kiwandani, kwa sababu kabati lisilofungwa, breki ya ghafla ikikamatwa, linakuja mbele na wewe. Anayelala garini siku nne kwa mwaka hata hayo asihangaike, godoro linamtosha. Na mwenye ndoto ya kuamka Lamu ndani ya gari lake aiache Mokowe, upande wa bara, kwenye gati, pale magari yote yanapokomea.

Jumamosi mpwa ameanza kukata vipande vya maboksi ya Mtaliano, makaratasi yale ya nje, avipachike ndani ya Noah kama kiolezo. Mjomba amesimama mlangoni, mikono nyuma, anasahihisha sentimita.